Kitabu Gani Kisomwe Baada ya Hiki?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Wenye kutafuta ilimu ni mafungu mawili: wako wasomao kwa tartibu, kitabu baada ya kitabu, na wako wasomao kwa hamu ya nafsi, leo mlango huu, kesho ule. Wote wapenda ilimu, lakini mwisho wao si mmoja.

Wanavyuoni wameigawanya ilimu sehemu mbili: fardhi ayni, impasayo kulla mtu, na fardhi kifaya, ambayo wakiijua baadhi huwaondokea wengine dhambi. Basi la kusomwa kwanza ni lile lililokwisha kumpasa mtu. Mwenye kusali, na asome tahara na sala. Mali yake ikifika nisabu, na asome zaka. Akitaka kufungua duka, na asome kuuza na kununua, ajue riba ni nini. Akitaka kuoa, na ajue haki za mke kabla ya kuuliza mahari.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii ngazi ni maarufu. Huanzwa Safinatun Naja ya Sheikh Salim bin Sumeir, aliyefariki mwaka 1271 Hijria (1855). Kisha matini ya Abu Shujaa. Kisha sharhi zake. Ndipo Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 (1277). Arukaye ngazi hukuta katika Minhaji neno "adhhar" na neno "asahh", asijue kuwa la kwanza ni katika kauli za Imamu mwenyewe, na la pili ni katika rai za wafuasi wake. Asoma, wala hajui asoma maneno ya nani.

Na madhara hayamkomei yeye. Mtu apenda hisabu, akafungua mirathi penye mafungu: mke ana thumni akiwapo mtoto, mama ana sudusi. Akahifadhi, watu wakamwita agawanye nyumba ya maiti. Lakini mwanzo wa mlango ule hakuusoma, nao wasema: kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia katika thuluthi ya kilichobaki, ndipo warithi. Akagawanya kabla deni kulipwa. Mwenye haki akadhulumiwa, na maiti akabaki na deni shingoni.

Je, hamu haina mahali? Inapo. Zarnuji, katika kitabu chake cha adabu za mwanafunzi, ametaja kuwa Imamu Muhammad bin Hasan, aliyefariki mwaka 189 (805), ambaye Imamu Shafii alisoma kwake, alikuwa akikesha na madaftari yake. Akichoka na fani moja hutazama nyingine. Wala hakufunga vitabu akalala. Hivyo ndivyo hamu itumikavyo: ni pumziko la msafiri, si njia yenyewe.

Basi mwenye akili na awe na kitabu kimoja cha asili, asomeshwe na mwalimu, wala asikiache mpaka akikhitimu. Na kando yake awe na kingine, cha sira au cha mashairi, cha kumwondolea uchovu. Na akitatizwa lipi lifuate, na amuulize mwalimu wake, kwani mgonjwa hajichagulii dawa kwa utamu.

Wabillahi ttaufiq.