Sheria ya Mdomo ya Wayahudi: Ilitoka Wapi, na Kwa Nini Iliandikwa?

Sheria ya mdomo ni nini?

Aliyesoma Injili ya Marko, sura ya 7, amekutana nayo kwa jina la mapokeo ya wazee. Marabi wanafundisha kwamba Musa alipokea mambo mawili Sinai: Torati iliyoandikwa, na maelezo yake yaliyopokezanwa kwa mdomo. Torati inakataza kufanya kazi siku ya Sabato, lakini haiorodheshi kazi zenyewe. Sheria ya mdomo ndiyo inayotaja aina 39, zikiwemo kulima, kuvuna, kukanda unga, kushona, kuandika na kuwasha moto.

Kama ni ya mdomo, mbona iliandikwa?

Kwa muda mrefu marabi walishikilia kwamba ya mdomo ifundishwe kwa mdomo, mwanafunzi akikariri mbele ya mwalimu anayemsahihisha. Kisha yakaja maafa. Mwaka 70 Warumi waliliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Uasi wa Bar Kokhba dhidi ya Warumi, 132 hadi 135, uliiacha nchi ya Uyahudi ikiwa magofu, na shughuli za elimu zikahamia Galilaya. Huko, karibu mwaka 200, kwa hofu kwamba yangepotea, Rabi Yehuda ha-Nasi alikusanya mafundisho hayo katika Mishna: sehemu sita, vitabu 63, kwa Kiebrania. Wanazuoni bado wanabishana kama aliiandika yeye mwenyewe, au iliendelea kukaririwa kwanza. Linalonigusa ni kwamba sehemu moja nzima inahusu sadaka na ibada za Hekalu ambalo wakati huo halikuwapo tena kwa zaidi ya miaka mia moja.

Talmudi nayo?

Ni Mishna pamoja na Gemara, yaani mijadala ya marabi juu yake, mingi ikiwa kwa Kiaramu. Zipo mbili: ya nchi ya Israeli, iliyokamilika Galilaya karibu mwaka 400, na ya Babeli, katika Iraki ya leo, iliyochukua muda mrefu zaidi na ndiyo yenye uzito mkubwa.

Je, ni kitabu cha sheria tu?

Hapana, na hapa wengi hukosea. Ukiifungua kutafuta jibu moja, utakutana na mabishano. Wafuasi wa mwalimu wa kale Hillel wanasema hivi, wa mpinzani wake Shammai wanasema vile. Kwa kawaida hukumu hufuata upande wa Hillel, lakini hoja za Shammai hazikufutwa. Mishna yenyewe inaeleza sababu: baraza la baadaye linaweza kuhitaji kuegemea rai ya wachache. Kwa maoni yangu huu ndio ukubwa wake. Sheria iliyoandikwa kwa hofu ya kupotea ilimhifadhi hata aliyeshindwa. Anayetaka hukumu za kila siku huelekea vitabu vya baadaye, kama Shulkhan Arukh ya Yosef Karo, ya karne ya 16.

Je, Torati peke yake haitoshi?

Masadukayo, kundi la Wayahudi wa enzi ya Hekalu, waliona inatosha. Baadaye Wakaraimu, kundi jingine la Wayahudi, wakashika msimamo kama huo, na wapo hadi leo. Karibu na kwetu, kiongozi Mganda Semei Kakungulu alianzisha jamii ya Kiyahudi ya Abayudaya huko Mbale, Uganda, mwaka 1919, akiongozwa na Biblia aliyoisoma. Mwaka uliofuata Myahudi mgeni, Yosef, alikaa nao akawafundisha kalenda ya sikukuu na kanuni za vyakula, mambo ambayo marabi walikuwa wamepokezana kwa karne nyingi.