SOMO: Kulinda Bwawa la Samaki la Nyumbani Kabla ya Mvua Kubwa

Namasakata, kama ilivyo sehemu kubwa ya Mkoa wa Ruvuma, hupata msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kumalizika mnamo mwezi Aprili. Kwa kaya inayofuga perege au kambale katika bwawa lililochimbwa nyuma ya nyumba, huo ndio wakati wa hatari. Perege huhitaji miezi sita hivi kufikia ukubwa wa kuvunwa, ilhali tuta huweza kubomoka kwa usiku mmoja, na kitoweo pamoja na fedha za matumizi ya kaya vikachukuliwa na maji.

Ni vema ikaeleweka kwamba mvua inyeshayo ndani ya bwawa si adui mkubwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huhesabu kuwa ni mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 katika saa 24. Bwawa lenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 10 likipata milimita 50, huongezeka lita 7,500, na kina hupanda sentimita 5 tu. Lakini endapo nusu ya mvua hiyo iliyonyesha juu ya mteremko wa robo hekta itatiririkia bwawani, zitaingia lita 62,500, na kina kitapanda zaidi ya sentimita 40. Tuta la kawaida haliwezi kuhimili kiasi hicho. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzuia maji ya nje.

Wafugaji wanashauriwa kutekeleza yafuatayo kabla ya mvua kuanza:

(a) Kuchimba mfereji wa kukinga maji upande wa juu wa bwawa, na kuuelekeza penye nyasi, si katika shamba la jirani.

(b) Kuhakikisha kuwa tuta limezidi usawa wa maji kwa sentimita 30 au zaidi. Matundu ya panya na kaa yazibwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Ukoka upandwe juu ya tuta. Miti isipandwe hapo, kwani mizizi yake hufungua njia za maji.

(c) Kusafisha bomba la kupunguzia maji na wavu wake. Wavu ulioziba kwa majani husababisha mafuriko yale yale uliowekwa kuyazuia.

(d) Kuvuna samaki waliokwisha kukua.

(e) Kupunguza maji kidogo kidogo, bila kulikausha bwawa. Tuta lililolowa huporomoka kwa ndani likiondolewa maji kwa ghafla. Hata bwawa la kuogelea la saruji, kama yalivyo ya hoteli za visiwani, halifai kuachwa tupu wakati wa mvua nyingi, kwa sababu maji ya ardhini huweza kulisukuma juu na kulipasua.

Aidha, siku za mawingu mazito mimea midogo ya majini hutoa hewa kidogo. Samadi isitiwe bwawani siku hizo, na chakula kipunguzwe. Samaki wakionekana wakihema juu ya maji alfajiri, maji safi yaongezwe mara moja.

Wananchi wanakumbushwa kusikiliza taarifa za Mamlaka hiyo redioni. Rangi ya njano ni angalizo, ya chungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Vimbunga navyo si jambo geni katika ukanda huu. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, na mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Kisiwa cha Mafia.

Hatimaye, uhai wa watu hutangulia mali. Bwawa lizungushiwe uzio ili watoto wasitumbukie, na mtu yeyote asiende kuziba tuta usiku wakati dhoruba inaendelea. Kulipokucha na mvua kutulia, mfugaji akague tuta lote, na akiona ufa au maji yanayovuja, amwarifu ofisa ugani wa kata kabla ya kujaza bwawa upya.