SOMO LA 12: KUSOMA PICHA ZA SINEMA

Sasa unajua kusoma barua. Ukipata barua, husomi maneno tu. Unajiuliza pia: Imetoka kwa nani? Imeandikwa lini? Mwandishi anataka nini? Picha za sinema nazo husomwa hivyo hivyo. Katika somo hili tutajifunza namna ya kuzisoma.

1. Filamu ya hali halisi

Kuna filamu za hadithi. Humo watu huigiza mambo yaliyotungwa. Kuna pia filamu za hali halisi. Humo tunaona watu wenyewe, kazi zao na mahali wanapoishi. Mkulima ni mkulima kweli. Mvuvi ni mvuvi kweli.

Lakini tuwe waangalifu. Filamu ya hali halisi haionyeshi hali yote. Mpiga picha huchagua mahali pa kusimama. Huchagua mtu wa kumwuliza. Baadaye hukata vipande, akaacha vingine na kuunganisha vingine.

Tutazame mfano wa Ziwa Rukwa. Watu wa Mtowisa na vijiji vingine vya bondeni wanalijua. Ziwa hili halina kina kirefu, wala halina mto unaotoa maji yake. Mvua zikiwa nyingi, ziwa hupanuka. Miaka ya ukame hupungua sana. Mtu akija na kamera mwaka wa ukame, atapiga picha ya tope lililokauka na kupasuka. Atasema, "Ziwa linakufa." Mwingine akija mwaka wa mvua nyingi, atapiga picha ya maji yaliyosogea. Atasema, "Ziwa linafurika."

Hakuna aliyedanganya. Lakini hakuna aliyesema yote. Nani ataona kasoro hiyo? Ni yule anayeishi hapo miaka yote. Wazee walisema: Kitanda usicholalia hujui kunguni wake. Ndiyo maana filamu inayowahusu wanakijiji inapaswa kurudi kijijini, wenyewe waione na waiseme.

2. Sinema za zamani

Sinema za vijijini si jambo jipya katika nchi yetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, wakati wa ukoloni, palikuwa na mradi wa kutengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Mradi huo ulitengeneza filamu zipatazo 35, nyingi zikifundisha mambo kama kilimo na afya. Lori lilizipeleka sehemu za Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia.

Waafrika walionekana ndani ya filamu hizo. Lakini wakuu wa mradi walikuwa Wazungu. Wao ndio walioamua nini kisemwe.

Baada ya uhuru, mwaka 1968, iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania. Watanzania wakaanza kutengeneza filamu zao. Hata hivyo mashine zilikuwa ghali, na mwanakijiji wa kawaida aliendelea kuwa mtazamaji tu.

3. Wavuvi wa Mtwara na Lindi

Katika miaka ya 1990 kamera ndogo za video zilianza kurahisisha kazi. Wakati huo, pwani ya Mtwara na Lindi ilikuwa na tatizo kubwa. Watu wengine walivua kwa baruti. Baruti ikilipuka, samaki wakubwa na wadogo hufa pamoja. Matumbawe nayo huvunjika. Matumbawe ni kama miamba, lakini hujengwa na viumbe hai wadogo sana. Humo samaki hujificha na kuzaliana. Yakivunjwa, huchukua miaka mingi kukua tena. Kwa hiyo mvuvi mwenye ndoano na wavu wake hukosa riziki.

Kikundi kimoja cha watengenezaji wa video, kilichoitwa Maneno Mengi, kilifanya kazi pamoja na wavuvi hao. Wavuvi walieleza taabu zao mbele ya kamera. Picha zilionyeshwa kwa wanavijiji, nao wakazijadili. Maneno yao yakafikishwa pia kwa viongozi wa serikali.

Tuone faida yake. Mvuvi hawezi kuacha kazi yake kila siku aende ofisini. Picha inaweza kwenda badala yake, ikasema maneno yake kwa sauti yake.

Lakini filamu peke yake haikumaliza uvuvi wa baruti. Kazi hiyo inahitaji pia sheria, doria na umoja wa wananchi. Filamu inaweza kuamsha watu. Haiwezi kufanya kazi yao.

4. Sinema ikija kijijini kwetu

Tuseme vijana wametengeneza filamu juu ya uvuvi wa Ziwa Rukwa. Wanataka kuionyesha Mtowisa. Tufanye nini?

Kwanza, waliopigwa picha waione kabla ya watu wengine. Kijijini tunajuana. Mtu aliyewataja wavuvi haramu anaweza kuchukiwa, hata kupigwa. Ana haki ya kusema, "Kipande hiki msikionyeshe."

Pili, tuchague wakati unaofaa. Baada ya mavuno watu wana nafasi. Giza likiingia, shuka jeupe lifungwe kwenye ukuta wa shule. Jenereta iwekwe mbali, ngurumo yake isimeze maneno. Watoto wakae chini mbele. Wazee wapewe viti.

Tatu, awepo mtu wa kufasiri. Wako wazee wanaoelewa vizuri zaidi Kifipa au Kisukuma kuliko Kiswahili.

Nne, filamu ikiisha, watu wasitawanyike. Sasa ndio wakati wa kusema. Mwenyekiti awape nafasi wavuvi, wakulima na wafugaji. Awaulize pia kina mama wanaonunua, kukausha na kuuza samaki. Huenda wanajua mengi juu ya ziwa, na kamera haikuwauliza hata neno moja.

Tano, masahihisho yaandikwe. Hapo ndipo elimu yako inapofaa. Chukua kalamu na daftari. Andika: "Filamu imesema hivi. Sisi tunasema hivi." Nakala moja wapewe watengenezaji. Nyingine ibaki katika ofisi ya kijiji.

Watengenezaji nao wasione haya kusahihishwa. Kosa likigunduliwa Mtowisa, linaweza kurekebishwa. Filamu ikifika mbali na kosa lake, watu wasiotujua wataliamini. Huko hatutakuwapo kujibu.

5. Mambo ya kukumbuka

Filamu hutengenezwa na mtu, kama barua inavyoandikwa na mtu.
Kila filamu huonyesha mambo fulani na kuacha mengine.
Anayesemwa ana haki ya kuona na kujibu.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini watu wawili wanaweza kupiga picha Ziwa Rukwa wakaeleza mambo tofauti?
2. Filamu za Vugiri zilitofautianaje na video za wavuvi wa Mtwara na Lindi?
3. Kwa nini waliopigwa picha waione filamu kwanza?
4. Kama filamu ingetengenezwa juu ya kijiji chako, nani angesahauliwa? Kwa nini?

Kazi ya kufanya

Andika sentensi 5 juu ya jambo moja la kijiji chako ambalo ungependa lionyeshwe katika filamu. Msomee mwenzako. Mwulize: "Nimeacha nini?" Kisha andika tena.