Hesabu Shilingi Zinazofika: Mbinu za Kutuma Pesa Nyumbani Bila Kupunjwa

Mwaka 2024 Wakenya walioko ughaibuni walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, na zaidi ya nusu ya fedha hizo zilitoka Marekani. Humo mna karo za shule, dawa za wazee, mabati ya nyumba na michango ya misiba. Kwa hiyo mjadala uliozuka Washington mwaka 2025 uliingia moja kwa moja jikoni kwetu. Pendekezo la kwanza lilikuwa kumtoza kodi ya asilimia 5 kila asiye raia anayetuma fedha nje. Baraza la Wawakilishi likapitisha asilimia 3.5, Seneti ikashusha hadi asilimia 1 na kuifanya imguse kila mtumaji, raia na mgeni. Rais Trump alitia saini tarehe 4 Julai 2025, na kodi ikaanza kutozwa Januari 2026.

Lakini kabla ya kodi hiyo, mtumaji wa kwetu alikuwa tayari anakatwa fedha nyingi zaidi. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, kutuma dola 200 kwenda nchi za Afrika kusini mwa Sahara hugharimu takribani asilimia 8 kwa wastani, ilhali lengo la Umoja wa Mataifa ni chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Sehemu kubwa ya makato haya unaweza kuipunguza wewe mwenyewe, bila kusubiri bunge la nchi yoyote. Fuata hatua hizi.

1. Uliza zitafika shilingi ngapi

Usianze kwa kuuliza ada. Makato huwa mawili: ada inayoonekana, na faida ambayo kampuni huipata kwa kukupa kiwango cha kubadilisha fedha kilicho chini ya cha soko. Hili la pili haliandikwi kwenye bango.

Tuchukue mfano. Unatuma dola 200 kwenda Kenya, na soko linasema dola moja ni shilingi 129. Kampuni ya kwanza inatangaza kwamba haitozi ada, lakini inabadilisha kwa shilingi 125. Zitafika 25,000. Kampuni ya pili inatoza ada ya dola 3 na kubadilisha dola 197 zilizobaki kwa shilingi 128.50. Zitafika 25,314. Ile ya "bure" imekula shilingi 300 na ushee zaidi.

Chukua makampuni matatu, weka kiasi kilekile, saa ileile, njia ileile ya kupokea, kisha linganisha tarakimu ya mwisho peke yake. Rudia kila unapotuma, maana viwango hubadilika, na bei nzuri anayopewa mteja mpya mara nyingi huisha baada ya kutuma mara ya kwanza.

2. Jua kiwango cha soko kabla ya kufika dirishani

Angalia kiwango cha siku kwenye tovuti ya Benki Kuu ya Kenya au Benki Kuu ya Tanzania. Walioko Ghuba wana njia rahisi zaidi, kwa sababu fedha za nchi nyingi za huko zimefungwa kwenye dola: dola moja ni riyali 3.75 za Saudi Arabia, ni dirhamu 3.67 za Falme za Kiarabu, na riyali moja ya Oman ni dola 2.60. Ukishajua bei ya dola, gawanya au zidisha. Dola ikiwa shilingi 129, riyali ya Saudia ni shilingi 34.40, na riyali ya Oman ni shilingi 335. Ukipewa 33 kwa riyali ya Saudia, umeshakatwa asilimia 4 kabla hata ada haijatajwa.

3. Tuma kutoka kwenye akaunti, acha pesa taslimu

Kwa aliye Marekani, hatua hii ndiyo inayomwondolea ile kodi. Asilimia 1 hutozwa anayelipa kwa noti mkononi, kwa hawala ya fedha au kwa hundi ya benki. Anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani, au kwa kadi iliyotolewa na benki ya huko, hatozwi. Ukipeleka dola 300 taslimu kwa wakala, unaongeza dola 3. Ukituma kwa kadi ya benki, huongezi kitu. Ila epuka kadi ya mkopo, maana benki yako inaweza kukuhesabia kama umekopa fedha taslimu, na riba ikaanza siku hiyohiyo.

Wengi wanaotumia noti hawana akaunti, na wengine wanaogopa kuulizwa karatasi. Ujue kwamba zipo benki na vyama vya akiba na mikopo vinavyofungua akaunti kwa pasipoti ya nchi yako pamoja na namba ya mlipa kodi iitwayo ITIN, ambayo hupewa asiye na namba ya hifadhi ya jamii. Uliza kabla ya kukata tamaa.

Wenzetu wa Ghuba nao wadai mshahara uingie kwenye akaunti yenye jina lao. Saudi Arabia ilianza Julai 2024 kuwataka waajiri wa wafanyakazi wa nyumbani kulipa kupitia benki na pochi za kidijitali. Dada anayelipwa hivyo ana ushahidi wa mshahara wake, na hana haja ya kumwomba mwajiri amtumie fedha kwao.

4. Fikiria na ada ya kutolea

Pesa ikiingia kwenye simu ya mama, safari haijaisha. Kuna ada ya wakala, na serikali zetu nazo zina mkono: Watanzania wanakumbuka tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021, iliyopigiwa kelele mpaka ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo. Jadili na mpokeaji fedha zinakwenda wapi. Kama ni karo, lipa moja kwa moja kwenye namba ya malipo au akaunti ya shule. Kama ni kiasi kikubwa, linganisha simu na benki; M-Pesa ya Kenya, kwa mfano, haipokei zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja. Na kama kampuni yako hutoza ada ileile kwa dola 50 na kwa dola 200, tuma mara moja kwa mwezi, mpangilie matumizi pamoja.

5. Hakikisha leseni, tunza risiti

Makampuni yenye idhini yamo kwenye orodha za benki kuu zetu. Uingereza yamo kwenye daftari la mamlaka inayosimamia huduma za fedha, FCA, mtandaoni. Marekani, sheria inamtaka mtoa huduma akuonyeshe kabla hujalipa: kiwango cha kubadilisha, ada, kodi, na kiasi kitakachofika. Una dakika 30 za kughairi na kurudishiwa fedha zako zote, mradi hazijapokelewa, na siku 180 za kulalamikia kosa. Ni rahisi zaidi kudai haki hizo ukiwa na risiti, kwa hiyo usiifute.

Sarafu za kidijitali zinazofuata thamani ya dola zinasifiwa sana siku hizi. Kabla ya kuzitumia, hesabu gharama ya kuzigeuza kuwa shilingi, na ukumbuke kwamba ukikosea anwani ya kupokelea, hakuna dirisha la kughairi.

6. Usitume kwa sababu ya sauti

Akili mnemba sasa inaweza kuiga sauti ya ndugu yako kwa kipande kifupi cha sauti alichorekodi. Ukipigiwa usiku kwamba mtoto amelazwa na pesa inatakiwa kwa namba mpya, kata simu, mpigie kwa namba unayoijua. Wekeni neno la siri la familia, lisiloandikwa popote. Namba ya siri ya simu, na ile inayokuja kwa ujumbe wa kuthibitisha, usimpe yeyote, hata akijitambulisha kwamba anatoka kampuni ya simu.

Sasa piga hesabu ya mwaka mzima. Anayetuma dola 200 kila mwezi, akifanikiwa kushusha makato kutoka asilimia 8 hadi 3, anaokoa dola 120, yaani zaidi ya shilingi 15,000 za Kenya. Mweleze na jirani yako, binamu yako, na kikundi chenu cha kuchangiana. Makampuni hushusha bei pale wateja wanapohama, na wateja huhama wanapojua hesabu. Kabla hujatuma mwezi huu, chukua dakika kumi, uliza bei kwa makampuni matatu, uipe fedha zako ile itakayofikisha shilingi nyingi zaidi.