Kutia Rangi Uzi wa Kroshia

Uzi mweupe wa pamba hupatikana kwa urahisi kuliko wa rangi. Mimi huutia rangi mwenyewe kwa maganda makavu ya vitunguu, na vitambaa nivifumavyo hunipatia pesa za madaftari.

Kwa uzi gramu 100, twaa maganda gramu 100 na shabu gramu 15. Funga uzi katika mafungu yaliyolegea. Uchemshe kwa sabuni muda wa saa moja, maana pamba ina nta, na nta hukataa rangi. Usuuze, kisha uuloweke usiku kucha katika maji ya moto yenye shabu iliyoyeyuka. Shabu ndiyo ishikishayo rangi. Asubuhi chemsha maganda saa moja, uyachuje, utie uzi katika maji yake juu ya moto mdogo kwa saa moja nyingine. Utatoka na rangi ya dhahabu. Suuza mpaka maji yawe safi, uanike kivulini.

Manjano hushika hata bila shabu, lakini jua huifuta upesi.

Zaidi ya yote, tia rangi uzi wote wa kitambaa kimoja kwa pamoja. Sufuria ya pili ni shida kuilinganisha na ya kwanza, na mnunuzi huona kiungo mara moja.