Dondoo muhimu: Rangi za Kihindi sebuleni Moshi

Sari moja ya zamani, sinia la shaba na kanga mbili vyatosha kuchangamsha sebule. Kazi ni kuvipanga.

1. Anza na kitu chenye historia kwako, hata kama ni kitambaa cha harusi ya bibi.

2. Chagua rangi kuu moja, kama manjano ya bizari au nyekundu, na nyingine ziifuate.

3. Sari huwa na urefu wa takriban mita tano na nusu: ukiifanya pazia, pima dirisha kwanza, maana pazia lisilo na mikunjo hunyong'onyea.

4. Kabla ya kushona, lowesha pembe ya kitambaa, kisha ikandamize kwenye kitambaa cheupe. Kikichuja, kifue peke yake.

5. Hariri haipendi jua la kutwa. Dirisha la mashariki au magharibi liwekee pazia la pamba.

6. Ukitengeneza mito ya kanga, soma jina lake, yaani maandishi yake, kwanza. Mafumbo mengine si ya kumwekea mkwe mgongoni! Na jina lenyewe usilikate katikati.

7. Shaba isugue kwa ndimu na chumvi, suuza, kausha papo hapo.

8. Taa za udongo kama za Diwali ziwe mbali na mapazia na chandarua, na zizimwe kabla ya kulala.

9. Kiangazi cha Januari na Februari vumbi ni jingi: kung'uta mapazia kila wiki.

10. Usikate masale kwa ajili ya chombo cha maua tu. Kwa Wachagga ni jani la amani na la kuombea msamaha, basi muulize mzee kwanza.