PICHA NI AMANA: DARSA KWA ANAYETAKA KAZI YA KAMERA



 

Wanafunzi wapenzi, mwaka huu wanafunzi wanne wa darasa la juu, wavulana wawili na wasichana wawili, walinijia kila mmoja kwa wakati wake na swali moja: "Ustadhi, kazi ya kupiga picha inafaa?" Nilipowadadisi niliona kila mtu ana lake moyoni. Mmoja aliogopa haramu. Wawili walitaka kujua kama inalipa. Wa nne alikwisha kuahidiwa kamera na mjomba wake aliyeko Muscat, alitaka tu nimsaidie kumtuliza baba yake. Nami niliifanya kazi hiyo kwa miaka mitatu kabla sijashika chaki, na ndiyo iliyonilipia ada ya diploma. Kwa hiyo nimeona darsa yangu ya mwaka huu iwe hiyo.

Nianze na la hukumu, wala sitalirefusha kwa kuwa mmelisoma katika fiqhi. Hadithi za kukataza taswira zinajulikana, na wanazuoni wametofautiana kama picha ya kamera inaingia humo. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuijuzisha, hoja yake ikiwa kwamba kamera haiumbi kitu bali inazuia kivuli cha kilichokwisha kuumbwa. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 1999, aliikataza picha ya chenye roho ila kwa haja kama pasi ya kusafiria na kitambulisho. Anayefuata rai hii ya pili anaweza kufungua ukurasa mwingine kwa amani. Darsa hii ni ya aliyeifuata rai ya kwanza, au aliyekwisha kuingia kazini. Huyo nataka kumwambia kwamba akipata jibu la "inafaa" maswali hayajesha, ndiyo kwanza yameanza.

MPIGA PICHA NI AJIRI WA AINA GANI?

Katika mlango wa ijara mmesoma kwamba aliyeajiriwa ni wa namna mbili. Yupo ajiri maalumu, ambaye muda wake wote ni wa tajiri mmoja, kama karani wa duka au mpiga picha wa gazeti mwenye mshahara. Na yupo ajiri wa watu wote, kama fundi cherehani, dobi na seremala, ambaye leo ana kazi ya huyu na kesho ya yule, na hulipwa kwa kazi aliyoikamilisha. Mpiga picha wa kujitegemea ni huyu wa pili. Jumamosi yuko harusini, Jumapili kwenye mahafali, Jumatatu anapiga picha za vyumba vya nyumba ya wageni, na usiku anapandisha picha zake kwenye intaneti ili auze kwa watu asiowajua.

Msiidharau njia hii. Mohamed Amin, mtoto wa Kiislamu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza hivyo hivyo, kuuza picha moja moja kwa magazeti. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya Camerapix mjini Dar es Salaam. Picha alizopiga Korem, Ethiopia, mwezi Oktoba 1984 akiwa na Michael Buerk wa BBC ndizo zilizoujulisha ulimwengu ile njaa kubwa. Mwaka 1991 alipoteza mkono kwa mlipuko mjini Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaanguka baharini karibu na Ngazija.

Sasa turudi kwetu Tanga, kwa mpiga picha mdogo sana, yaani mimi.

HARUSI YA MUHEZA

Mwaka 2014 nilikubaliana na familia moja ya Muheza kupiga picha za harusi ya mtoto wao wa kiume kwa shilingi 180,000. Tulikubaliana kwa mdomo, sebuleni, juu ya kahawa. Nilikuwa na kamera moja ya mtumba na kadi mbili zilizofanana kama pacha.

Ndoa ilifungwa msikitini baada ya sala ya Alasiri. Kisha akaletwa babu wa bwana harusi, mzee mgonjwa kutoka Pangani, amebebwa juu ya kiti na vijana wanne. Alimwekea mjukuu wake mkono juu ya kofia akamwombea dua ndefu. Watu wote walinyamaza. Nilipiga picha kama kumi na tano pale, na moyoni nilijua kwamba hizo ndizo harusi yenyewe.

Usiku umeme ulikatika. Kompyuta niliyoazima ilizimika picha zikiwa nusu njiani, nami nikalala. Asubuhi nilikuwa na mahafali mjini. Nikatia kadi kwenye kamera, nikaiona imejaa, nikajiambia, "Hii nimekwisha kuihamisha," nikaifuta yote. Nikapiga mahafali juu yake mpaka Adhuhuri.

Hapa wanafunzi washike jambo la kitaalamu. Kadi ikifutwa ndani ya kamera, mara nyingi kinachofutika ni ile orodha tu ya kilichomo. Picha zenyewe zinabaki mpaka zije nyingine zikalie mahali pake. Ukigundua kosa, itoe kadi hapo hapo, usipige hata picha moja, kisha tumia programu ya kuokoa kama PhotoRec, ambayo ni ya bure. Mimi niligundua jioni. Nilizopata ni chache, na katika za babu ilirudi moja, nusu yake. Juu inaonekana kofia na vidole vya mzee, chini yote ni rangi ya kijivu.

Mzee alifariki kabla haujatimia mwezi. Mama wa bwana harusi alipanda basi akaja mpaka kwetu Ngamiani. Hakugomba wala hakutaja fedha. Aliniuliza, "Mwanangu, hata moja haikubaki?" Nikampa ile nusu. Aliitazama, akaikunja kwenye ncha ya leso, akaaga.

Nilikwenda kwa mwalimu wangu wa fiqhi nikitumaini ataniambia mimi ni mtu wa amana, na mtu wa amana halipi. Ni kweli kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii kauli yenye nguvu ni kuwa fundi halipi kilichoharibika mkononi mwake bila ya taksiri, ingawa Abu Yusuf na Muhammad katika Mahanafi wanamlipisha. Mwalimu aliniuliza maswali mawili. "Uliitazama kadi kabla ya kuifuta?" Nikasema hapana. "Ulikuwa na nafasi ya kuitazama?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi hiyo ndiyo taksiri." Nilirejesha zile 180,000 kwa mafungu matatu. Bwana harusi alilikataa la mwisho, nikamwekea dada yake.

Kutokana na hayo nina desturi ambayo namtaka kila atakayeshika kamera aichukue. Kadi haifutwi mpaka picha ziwe mahali pawili mbali na kadi yenyewe, na mahali pamoja pasiwe nyumba ile ile. Kadi iliyotumika huwekwa kifukoni imegeuzwa uso chini, isichanganyike na tupu. Ukipata uwezo wa kununua kamera inayoandika kadi mbili kwa wakati mmoja, nunua hiyo kabla ya lenzi ya fahari. Diski ya nje ni rahisi kuliko aibu niliyoipata mimi.

MAPATANO YAANDIKWE

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Inashangaza basi kuona Waislamu tukioneana haya kuandika. Huambiwa, "Kwani huniamini, kaka?" Mwambie unamwamini, ila kumbukumbu yako wewe mwenyewe ndiyo huiamini.

Ijara haisihi mpaka kazi ijulikane na ujira ujulikane. Kusema "piga harusi" si kazi iliyojulikana. Je, ni nikaha peke yake au na walima? Saa ngapi mpaka saa ngapi? Picha ngapi zitasafishwa, albamu ya kurasa ngapi, baada ya siku ngapi? Nauli na chakula ni juu ya nani? Ugomvi mwingi niliousikia baina ya wapiga picha na maharusi haukutoka kwenye ubaya wa picha. Ulitoka kwenye albamu iliyosubiriwa miezi minane.

Kuna na mas-ala ya arbuni, yaani fedha ya kutangulia. Wapiga picha wengi huandika kwamba hairudishwi. Jamhuri ya wanazuoni, Mashafii wakiwamo, hawakuijuzisha arbuni ya namna hiyo, na Imam Ahmad aliijuzisha. Baraza la Kimataifa la Fiqhi katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993 liliijuzisha kwa sharti la kuwekwa muda maalumu. Mimi naona aliyekataa kazi nyingine kwa ajili ya tarehe yako amepata hasara ya kweli, lakini lisemwe mapema na muda uandikwe, si mtu aje kuambiwa siku ya msiba.

KWA WASICHANA HASA

Wale wanafunzi wawili wa kike nawaambia kwamba soko lenu ni kubwa kuliko la kaka zenu. Katika kesha la hina, singo na kupamba, wanaume hawaingii, na siku hizi familia nyingi hukusanya simu mlangoni. Mpiga picha mwanamke anatafutwa.

Lakini fikirini mpaka mwisho wa njia. Bibi harusi amekaa bila ya mtandio kwa kuwa umempiga wewe. Picha zile nani atazisafisha? Nani atazichapisha? Ukiipeleka kadi studio kwa kijana wa kiume azitazame moja moja kwenye kioo kikubwa, ile stara ya ukumbini ilikuwa ya nini? Kwa hiyo jifunzeni na kompyuta, mfanye wenyewe au mtafute mwanamke wa kuchapisha, na liandikwe hilo kwenye mapatano. Wala picha ya mteja haitiwi kwenye ukurasa wako wa matangazo bila ruhusa yake, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote ulizopata.

Hili sasa lina na sheria ya nchi. Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya wana yao ya mwaka 2019, na Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi.

KUUZA PICHA KWA USIYEMJUA

Aliyeuliza kama inalipa alikuwa na hamu zaidi na maghala ya picha ya intaneti. Utaratibu wake ni kwamba unapandisha picha, na mtu popote duniani ananunua ruhusa ya kuitumia. Picha inabaki yako, unaweza kuiuza mara elfu. iStockphoto ilianza Canada mwaka 2000, Shutterstock ikafuata Marekani mwaka 2003, na bei ikashuka kutoka mamia ya dola mpaka dola moja moja.

Tupige hesabu. Tangu Juni 2020 Shutterstock humpa mpiga picha asilimia 15 mpaka 40 kwa daraja, na kila Januari daraja linarudi chini. Mauzo madogo kabisa humwachia senti kumi za dola. Ili apate dola 25 kwa senti kumi kumi, picha zake zinunuliwe mara 250. Adobe Stock hutoa asilimia 33. Juu ya hayo, tangu mwaka 2022 programu za akili bandia zinatengeneza picha ya mtu asiyekuwapo kwa dakika moja. Kwa hiyo machweo ya jua na minazi msihangaike nayo. Kisichotengenezeka ni cha kweli na cha mahali pake: mkunga wa Korogwe kazini, mwanafunzi wa ufundi na paneli ya umeme wa jua, namna tunavyokata mkonge. Hata hivyo ichukueni kama nyongeza, harusi ndiyo mkate. Na kabla ya kupandisha hata picha moja, hakikisha njia yao ya kulipa inafika ulipo.

Uso wa mtu hauuzwi kwa matangazo bila hati ya ridhaa iliyotiwa sahihi, na mtoto husainiwa na mlezi wake. Siku moja forodhani nilimwona mzee akishona nyavu, sura yake imekaa vizuri mno. Nikatoa karatasi, nikamweleza kwamba picha inaweza kununuliwa na yeyote. "Kwa kutangazia nini?" Nikasema sijui, huenda dawa, huenda benki. "Hata pombe?" Nikanyamaza. Makampuni hayo yana masharti yao, ila mimi sikuwa na uwezo wa kumwapia. Akacheka akasema, "Basi piga mikono, mwanangu. Uso wangu nina kazi nao." Nikapiga mikono na nyavu.

KAZI YA NYUMBANI

Familia imemkodi mpiga picha kwa shilingi 400,000 na kutanguliza arbuni ya 100,000. Siku tatu kabla ya harusi bibi mzaa baba amefariki, harusi ikaahirishwa bila tarehe. Mpiga picha alikwisha kukataa kazi nyingine ya siku ile. Andika mapatano ya ukurasa mmoja ambayo, lau yangekuwapo, pande zote mbili zingejua nani anastahiki ile 100,000. Yasainiwe na mashahidi wawili wa nyumbani kwenu, uyalete darasani Jumatatu ya kwanza baada ya likizo. Wazazi mnaruhusiwa kusaidia.